Miraba ya ajabu: namna ya kuijenga, na kisa cha kobe wa mto Luo

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati wa shule ya sekondari huku pwani. Wanafunzi wangu hupanga namba 1 hadi 9 katika mraba kwa kubahatisha, mpaka kila mstari utoe 15. Je, ipo njia ya kuijenga miraba ya namna hii bila kubahatisha, hata ile mikubwa? Je, ni kweli kwamba mraba wa kwanza ulionekana mgongoni mwa kobe huko China miaka elfu nne iliyopita? Na je, huo ndio mraba ninaouona katika hirizi za kwetu?

Jibu: Mwalimu, umeuliza mambo matatu ambayo kwa kawaida huulizwa mbalimbali, na umefanya vyema kuyaweka pamoja. Nitaanza na hesabu, kwa sababu ukishaona kwa nini mraba wa namba tisa uko jinsi ulivyo, utaweza kujiamulia mwenyewe mengi kuhusu kobe na kuhusu hirizi.

Mraba wa ajabu ni mraba uliogawanywa katika vyumba vya idadi sawa kwa urefu na kwa upana, ukajazwa namba zinazofuatana kuanzia 1, kila namba mara moja tu, kwa namna ambayo kila safu ya mlalo, kila safu ya wima na mishazari miwili mikubwa hutoa jumla moja. Jumla hiyo hatuichagui. Namba 1 hadi 9 zikijumlishwa hutoa 45, na kwa kuwa zimegawanywa katika safu tatu zilizo sawa, kila safu haina budi kutoa 15. Kwa mraba wowote wenye vyumba n kila upande, jumla ya mstari mmoja ni n(n² + 1) ÷ 2, yaani 34 kwa mraba wa vyumba vinne, 65 kwa vitano, 111 kwa sita, 175 kwa saba na 369 kwa tisa.

Tazama sasa mraba wa vyumba vitatu. Chumba cha katikati hupitiwa na mistari minne, yaani safu ya mlalo ya kati, safu ya wima ya kati na mishazari yote miwili. Jumla ya mistari hiyo minne ni 60. Katika kuijumlisha, kila chumba kingine kimehesabiwa mara moja, lakini cha katikati kimehesabiwa mara nne. Kwa hiyo 60 ni sawa na 45 ukiongeza namba ya katikati mara tatu, na namba hiyo ni 5, haiwezi kuwa nyingine. Baada ya hapo ichukue namba 1. Ina njia mbili tu za kufikia 15: pamoja na 5 na 9, au pamoja na 6 na 8. Chumba cha kona hupitiwa na mistari mitatu, na 1 haina mistari mitatu ya kutosheleza, kwa hiyo haiwezi kukaa kwenye kona. Itakaa katikati ya ubavu mmojawapo, 9 itakaa katika ubavu unaoelekeana nao, na 6 na 8 zitakaa kandokando ya 1. Namba zilizobaki hujipanga zenyewe:

4 9 2
3 5 7
8 1 6

Uhuru uliokuwapo ni wa kuchagua ubavu wa kuweka 1, ambapo kuna nafasi nne, na wa kuamua kama 8 itakuwa kulia au kushoto kwake. Hizo ni sura nane, na zote ni mraba mmoja uliozungushwa au kutazamwa katika kioo. Naomba uikumbuke hoja hii ya upekee, maana nitaihitaji tena. Kwa miraba mikubwa zaidi haipo: Mfaransa Frénicle de Bessy, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1693 baada ya kufa kwake, alionyesha kwamba miraba ya vyumba vinne ni 880 bila kuhesabu mizunguko na vioo, na mwaka 1973 ilihesabiwa kwa kompyuta kwamba ile ya vyumba vitano ni 275,305,224.

Nije kwenye kobe. Kisa kinavyosimuliwa, Yu, mtawala wa kale anayesifiwa na Wachina kwa kuyadhibiti mafuriko, alimwona kobe akitoka katika mto Luo, ambao humwaga maji yake katika Mto Manjano huko Henan, na mgongoni mwa kobe huyo mlikuwa na alama zilizopangwa kwa hesabu ya mraba niliouandika hapo juu. Mchoro huo huitwa Luo Shu, na mwenzake, mchoro mwingine unaodaiwa kutoka katika Mto Manjano wenyewe, huitwa He Tu. Tarehe za kabla ya mwaka 2000 KK ambazo hutajwa sana hazitokani na maandishi wala kifaa chochote kilichofukuliwa. Zimepatikana kwa kukisia enzi za Yu kisha kuukabidhi mraba kwa enzi hizo.

Maandishi ya kale ya China yanavitaja kweli vitu viwili vya mitoni. Xici, maelezo yaliyoambatanishwa na kitabu cha uaguzi cha Yijing, yanasema kwamba Mto, yaani Mto Manjano, ulitoa mchoro, Luo ikatoa maandishi, na wenye hekima wakavifuata. Katika mazungumzo ya Confucius, mwanafalsafa wa kale wa China, mzee huyo analalamika kwamba Mto hautoi tena mchoro wowote, akimaanisha kwamba mbingu haileti ishara ya mtawala mwema. Hapo hapana namba tisa, hapana jumla ya 15, hapana mraba. Wakati wa enzi ya Han, ukoo ulioitawala China tangu takriban mwaka 200 KK, msomi Liu Xin aliyahusisha maandishi ya Luo na Hong Fan, yaani sura tisa za kanuni za utawala ambazo inasemekana Yu alipewa na mbingu, na hiyo tisa ndiyo iliyofungua mlango wa mambo yaliyofuata.

Mraba wenyewe unapatikana kwingine, na mahali unapopatikana panaeleza ulikuwa wa kazi gani. Kitabu cha kaida za ibada kiitwacho Da Dai Liji kina sura inayohusu Mingtang, jumba la ibada lenye vyumba tisa ambamo mtawala alitakiwa kuhama chumba kwa chumba kufuatana na majira ya mwaka, na ndani ya sura hiyo mmeandikwa namba mfululizo: mbili tisa nne, saba tano tatu, sita moja nane. Zisome kutoka kulia kwenda kushoto kama Wachina walivyokuwa wakiandika, nawe utauona mraba wetu safu kwa safu. Maandishi mengine ya Han, Yiwei Qianzaodu, yanaeleza namna Taiyi, mungu wa nyota ya ncha ya kaskazini, anavyoyazungukia majumba tisa ya mbingu, na yanasema waziwazi kwamba majumba ya pande nne na ya kona nne yote hutimiza kumi na tano. Ushahidi ninaouthamini kuliko huo ni wa mwaka 1977, wakati kaburi la kabaila wa Ruyin lilipofukuliwa huko Fuyang katika jimbo la Anhui. Kaburi hilo ni la mwaka 165 KK, na humo mlikuwa na bao la ramli ambalo namba zake zimepangwa kwa kuelekeana, 1 na 9, 2 na 8, 3 na 7, 4 na 6, kwa mpangilio ule ule wa majumba tisa.

Kwa hiyo mpangilio huu una umri wa zaidi ya miaka 2,100 kwa ushahidi unaoshikika, na ulikuwa chombo cha ramli na cha kupangia majira. Picha ya madoa meusi na meupe yaliyounganishwa kwa mistari, ambayo leo huchorwa mgongoni mwa kobe, ni ya enzi ya Song, zaidi ya miaka elfu moja baada ya bao la Fuyang. Hata wakati huo wasomi hawakuwa wamekubaliana ipi ni ipi: Liu Mu, aliyeishi karne ya 11, aliuita mchoro wa namba tisa He Tu na ule wa namba kumi Luo Shu, kisha Cai Yuanding akageuza majina hayo karne ya 12, na kwa kuwa alifanya kazi pamoja na mwanafalsafa mkubwa Zhu Xi, majina yake ndiyo yaliyoshinda. Wakosoaji wa enzi ya Qing, hasa Hu Wei katika kitabu chake cha mwaka 1706, waliichambua mizizi hii yote na kuonyesha jinsi michoro ilivyobandikwa juu ya maneno ya kale. Nami nakubaliana nao: mraba ulitangulia, na kobe alikabidhiwa mraba baadaye.

Kusema hivyo si kuidharau elimu ya Wachina ya maana za namba, kwa sababu walichokiona ndani ya mraba huu kimo kweli. Kwao namba witiri ni za yang, yaani mbingu, mwanga na mwendo, na namba shufwa ni za yin, yaani ardhi, kivuli na utulivu. Katika mraba wetu witiri zote zimekaa katikati na katika pande nne, na shufwa zote zimekaa kwenye kona. Halafu kuna hali tano zinazogeukiana, ambazo ni maji, moto, miti, madini na udongo. Kila moja ilipewa namba mbili zinazotofautiana kwa tano: maji 1 na 6, moto 2 na 7, miti 3 na 8, madini 4 na 9, udongo 5 na 10. Ukizitafuta jozi hizo ndani ya mraba utakuta kila jozi imekaa jirani: 1 na 6 chini, 7 na 2 kulia, 9 na 4 juu, 3 na 8 kushoto, na 5 peke yake katikati kwa sababu 10 haimo. Anza na maji chini, zunguka kinyume cha mwendo wa saa, na utapita mfuatano wa kushindana: maji huuzima moto, moto huyayeyusha madini, madini huikata miti, miti huupasua udongo ulio katikati, na udongo huyazuia maji. Katika He Tu jozi za moto na madini zimebadilishana mahali, na ukizunguka upande wa mwendo wa saa unapata mfuatano wa kuzaana badala ya kushindana. Kumbuka tu kwamba ramani zao za kale ziliweka kusini juu, kwa hiyo 9, iliyo juu, ni kusini na kiangazi, na 1 ni kaskazini na kipupwe.

Kumi na tano nayo ilikuwa na uzito wake hata bila mraba. Katika uaguzi wa Yijing, vijiti vikigawanywa na kuhesabiwa, kila mstari hutoa moja ya namba nne, 6, 7, 8 au 9, na Yiwei Qianzaodu inaonyesha kwamba yang changa na yin changa, 7 na 8, hutoa 15, na yang kongwe na yin kongwe, 9 na 6, hutoa 15 vilevile. Mtu aliyekwisha kuamini hivyo, kisha akakuta namba tisa zinazotoa 15 kila upande, hakuona mchezo wa hesabu. Aliona sahihi ya mbingu. Hata leo mafundi wa fengshui, elimu ya Kichina ya kuyapanga majengo yalete heri, bado wanagawanya jengo katika vyumba hivyo tisa.

Mtu aliyelitoa jambo hili mikononi mwa waaguzi na kulileta darasani ni Yang Hui, mzaliwa wa Qiantang, yaani Hangzhou ya leo, katika kitabu cha hesabu alichokitoa mwaka 1275, miaka minne tu kabla ya enzi ya Song kuangushwa na Wamongolia. Humo aliweka miraba ya vyumba vitatu hadi kumi, na kwa ile midogo alieleza namna ya kuitengeneza. Kanuni yake ya mraba wa tatu ni hii: panga namba tisa kwa mshazari, badilisha ya juu na ya chini, badilisha ya kushoto na ya kulia, kisha zisukume nje zile nne za kona. Ziandike hivi:

    1
   4 2
  7 5 3
   8 6
    9

Badilisha 1 na 9, badilisha 7 na 3, zile 4, 2, 8 na 6 zipeleke kwenye kona, na una mraba wa mto Luo bila kobe. Wanafunzi wako wataimaliza kazi hiyo kabla hujafuta ubao.

Uzuri wa kanuni hiyo ni kwamba inaweza kupanuliwa kwa mraba wowote wenye idadi witiri ya vyumba, ila inabidi tuisome upya kidogo. Kubadilisha 1 na 9 ni sawa na kuichukua kila namba iliyochomoza nje ya mraba na kuiingiza ndani kutoka ubavu wa pili, hatua tatu mbele. Kwa mraba wa vyumba vitano, panga namba 1 hadi 25 kwa mshazari vivyo hivyo, ukianza na 1 kileleni, 2, 3, 4 na 5 zikishuka kulia, na 6, 11, 16 na 21 zikishuka kushoto. Chora mraba wa vyumba vitano unaozunguka 13. Namba zilizobaki nje sogeza kila moja hatua tano kuelekea upande unaokabiliana nao, bila kuipindua: zilizochomoza juu zishuke, za chini zipande, za kulia ziende kushoto, na za kushoto ziende kulia. Kila moja itaangukia chumba kilicho wazi:

11 24  7 20  3
 4 12 25  8 16
17  5 13 21  9
10 18  1 14 22
23  6 19  2 15

Jumla ni 65 kila upande. Upanuzi huu si wa Yang Hui, ambaye mraba wake wa vyumba vitano aliujenga kwa kuuzungushia ukingo mraba mdogo wa ndani. Ulielezwa Ulaya na Bachet de Méziriac karne ya 17. Lakini sababu inayoufanya ufaulu ndiyo ningependa uwaeleze wanafunzi, maana bila hiyo wataona ni kiinimacho. Kila namba kati ya 1 na 25 ina anwani mbili: kundi lake la tano tano, yaani 1–5, 6–10, 11–15, 16–20 au 21–25, na nafasi yake ndani ya kundi hilo, ya kwanza hadi ya tano. Chunguza safu yoyote ya mraba huo, ya mlalo au ya wima. Utakuta ina namba moja kutoka kila kundi, na nafasi zote tano zimewakilishwa, kila moja mara moja. Kwa hiyo jumla ya safu zote haina budi kuwa moja. Mishazari miwili hufaulu kwa njia nyingine: mmoja una kundi la kati lote, 11 hadi 15, na wa pili una nafasi ya kati ya kila kundi, 3, 8, 13, 18 na 23. Kwa 7, 9 au 11 hoja haibadiliki hata neno moja. Ipo pia njia ya kupanda kwa mshazari kutoka katikati ya safu ya juu, iliyoletwa Ufaransa na Simon de la Loubère, mjumbe wa mfalme Louis XIV huko Siam mwaka 1687, nayo inasimama juu ya hoja hii hii.

Kwa vyumba vinne, kanuni ya Yang Hui ni fupi zaidi. Andika namba 1 hadi 16 kwa mpangilio wa kawaida, safu kwa safu. Badilisha kona za nje, 1 kwa 16 na 4 kwa 13, kisha kona za ndani, 6 kwa 11 na 7 kwa 10:

16  2  3 13
 5 11 10  8
 9  7  6 12
 4 14 15  1

Mishazari ilikuwa na 34 tangu mwanzo na haikubadilika. Safu ya juu ilikuwa 10, ikahitaji 24. 1 ilipogeuka 16 iliongeza 15, na 4 ilipogeuka 13 iliongeza 9. Safu ya pili ilikuwa 26, ikahitaji 8, ikaipata kwa 5 na 3. Badilisha mahali safu mbili za wima za katikati na utapata mraba ambao Mjerumani Albrecht Dürer aliuchora katika picha yake Melencolia I, ambapo vyumba viwili vya katikati chini husomeka 15 na 14, mwaka wa picha hiyo. Kwa vyumba vinane, andika namba 1 hadi 64 kwa mpangilio wa kawaida, gawa mraba katika miraba minne ya vyumba vinne, na kila namba iliyo katika mishazari ya miraba hiyo midogo ibadilishe kwa ile inayotimiza nayo 65.

Mraba wa Yang Hui wa vyumba tisa ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu ni Luo Shu ndani ya Luo Shu. Ugawe katika miraba midogo tisa. Ule wa juu kushoto, mahali pa 4, una namba zote ambazo zikigawanywa kwa 9 hubakiza 4:

31 76 13
22 40 58
67  4 49

Ule wa juu katikati, mahali pa 9, una namba zinazogawanyika kwa 9 bila baki, na kadhalika hadi wa mwisho. Ndani ya kila mraba mdogo, namba ndogo kuliko zote imekaa mahali pa 1, inayofuata mahali pa 2, mpaka kubwa kuliko zote mahali pa 9. Kanuni nzima ni hii: twaa namba ya Luo Shu ya chumba kidogo, ipunguze moja, zidisha kwa 9, kisha ongeza namba ya Luo Shu ya mraba mdogo unaokibeba. Chumba cha katikati kabisa ni 5 ndani ya 5, kwa hiyo 36 na 5, yaani 41. Mwanafunzi anayeijua kanuni hiyo anaweza kuuandika mraba wa namba 81 bila kufuta hata moja. Wa vyumba kumi haukumwendea vizuri hivyo: safu zake zote hutoa 505, lakini mishazari yake haitoi.

Swali lako la hirizi lina jibu la ndiyo na la hapana. Mraba ni ule ule, hilo halina ubishi. Katika maandishi ya Kiarabu yanayonasibishwa na Jabir ibn Hayyan mraba wa vyumba vitatu umo, Ikhwan al-Safa, kundi la wanafalsafa wa Basra, waliandika katika karne ya 10 kuhusu miraba ya vyumba vitatu hadi tisa, na al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anataja katika kitabu chake cha maisha yake kwamba mraba wa 15 uliandikwa juu ya vitambaa viwili visivyoguswa na maji kwa ajili ya mwanamke mwenye uchungu mgumu wa kuzaa. Kwa hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ya Kiarabu ina thamani ya namba, herufi za kona, ba, dal, waw na ha, ndizo 2, 4, 6 na 8, na husomwa buduh, neno linaloandikwa peke yake katika talasimu nyingi. Kwa vitabu vya talasimu vinavyonasibishwa na al-Buni elimu hiyo ilienea katika nchi za Waislamu, pwani yetu ikiwamo, na hirizi unazoziona ni za ukoo huo wa Kiarabu.

Kama ukoo huo nao ulianzia China, kufanana kwa mraba hakuwezi kuthibitisha, na hapo ndipo hoja ya upekee inapofanya kazi. Mraba wa vyumba vitatu ni mmoja tu. Yeyote atakayezipanga namba tisa kwa uvumilivu, Luoyang au Basra au Tanga, ataishia kwenye mraba ule ule bila kuambiwa na mtu. Ungekuwa mraba wa vyumba vinne, ambao una sura 880, kufanana kabisa kungekuwa ushahidi mzito. Kwa vyumba vitatu si ushahidi wowote.

Kwa vyumba sita, lakini, tuna ushahidi unaoshikika, na unaelekea upande wa pili, kutoka kwa Waarabu kwenda China. Miaka ya 1950, katika magofu ya kasri la mwanamfalme wa Anxi karibu na Xi'an, la enzi ya Wamongolia, vilifukuliwa vibamba vya chuma vilivyozikwa kwenye msingi wa jengo kuzuia mabaya, na namba zilizochorwa juu yake ni za Kiarabu. Mraba wake umejengwa kwa ukingo: katikati kuna mraba wa vyumba vinne wenye namba 11 hadi 26, na ukingo una 1 hadi 10 na 27 hadi 36, zikiwa zimepangwa ili kila mbili zinazoelekeana zitimize 37. Njia hiyo itakusaidia darasani, maana vyumba sita ndivyo vinavyowasumbua watu wengi. Wala hulazimiki kuukariri mraba wa ndani. Chukua mraba wowote wa vyumba vinne, ongeza 10 kwa kila namba, na uweke ndani ya ukingo ule. Hapa chini nimeuweka wa Yang Hui ndani ya ukingo wa kibamba cha Xi'an:

28  4  3 31 35 10
36 26 12 13 23  1
 7 15 21 20 18 30
 8 19 17 16 22 29
 5 14 24 25 11 32
27 33 34  6  2  9

Kila mstari hutoa 111. Ndani, kila safu na kila mshazari hutoa 74, na ukingo unaongeza 37 kila mahali. Wape wanafunzi ukingo huu pamoja na miraba miwili mitatu tofauti ya vyumba vinne, na uwaache waone kwamba haijalishi wameweka upi.